Saba ya Karata Tatu

Inspekta alikuwa amejifungia nyuma ya duka la ushonaji. Askari wenzake walimbandika jina la Sindano, kwa kuwa maswali yake huingia taratibu na maumivu huja baadaye. Mchana huo yeye ndiye aliyekuwa akichomwa. Mbele yake, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na pasi, kulikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu ya mtu mwingine, na kwenye kioo cha kompyuta mikono miwili ya kike ilikuwa ikigawa karata.

Mikono tu. Kamera ilifungwa darini ikitazama chini, kwa hiyo kilichoonekana ni kitambaa cha kijani, vile visahani vidogo vya plastiki ambavyo wacheza kamari huviita chipu, na mikono. Uso haukuwapo, sauti haikuwapo. Lakini Fundi, mwenye duka, aliitambua mikono ile mara tu alipoonyeshwa, akalia hadi akakaukiwa. Kidole kidogo cha kushoto kilisimama peke yake kila karata ilipogeuzwa, utadhani kinaogopa kuungua. Ulikuwa mkono wa mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, ambaye nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Kitinda. Aliondoka asubuhi moja kwenda kwenye usaili wa kazi, na hakurudi.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kugawa," Fundi alisema. Alikuwa amelisema hilo mara nyingi tangu asubuhi. "Laiti ningemfundisha kushona."

"Tutamrudisha, dada. Utamfundisha."

Inspekta aliahidi hivyo akijua ameahidi asichokuwa nacho. Msichana aliyegawa karata kwenye meza hiyo kabla ya Kitinda aliokotwa mtaroni akiwa maiti, siku ileile mchezo ulipohamishiwa jengo lingine. Na leo asubuhi, katika kikundi cha simu cha wachezaji, lilitoka tangazo: leo ni siku ya mwisho, jioni meza inahama. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia maana ya kuhama.

Jambo moja walikuwa nalo mkononi. Meza halisi ya bakara, kamari hiyo ya karata, hainunuliwi bila leseni, na zote zilizokuwapo mjini zilikuwa mali ya tajiri mmoja aliyefungiwa kasino zake tatu mwaka uliopita: moja karibu na stesheni, moja sokoni, moja viwandani. Mahakama iliamuru meza zibaki humohumo. Basi Kitinda alikuwa ndani ya mojawapo. Sajini alishazipitia zote akijifanya muuza maji. Kote milango ilifungwa kwa minyororo, kote alikaa mlinzi mwenye simu, kote jenereta lilinguruma. Walinzi wote walikula kwa bwana mmoja. Ukigonga mlango usio wenyewe, kabla hujashusha mkono mwenzake keshapigiwa simu, na binti keshatiwa garini.

Kugonga milango yote mitatu kwa pamoja kulihitaji askari wengi, na askari wengi maana yake ni midomo mingi. Mara mbili walivamia, mara mbili wakakuta viti vitupu bado vina joto. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana Inspekta aliacha ofisi akaja kufanyia kazi kwa fundi cherehani, na nje ya chumba kile waliojua habari hii ni Sajini, ambaye Inspekta mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akiwa na askari wachache ndani ya gari la dobi, pamoja na Mkuu wa upelelezi, ambaye bila ruhusa yake hakuna gari linalotoka.

Mtu wa tatu chumbani alikuwa muuza vipuri vya magari, mnene, mwenye leso iliyolowa jasho, ambaye mtaani alijulikana kama Nati. Simu ilikuwa yake. Alinaswa na giaboksi za wizi, na kati ya rumande na kuongea akachagua kuongea. Sasa aliongea bila breki.

"Afande, nimeshakuambia, ni stesheni! Hapo wanacheza bila kamisheni, na Benki ikishinda kwa sita wanalipa nusu. Hiyo ni sheria ya stesheni."

"Umewahi kuona kwa macho yako wakilipa hiyo nusu, kwenye hii meza?"

Nati alijifuta shingo. "Mimi huwa nacheza upande wa Mchezaji tu. Lakini kila mtu anajua."

Kwa maneno hayo ya kila mtu anajua, gari la dobi lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka kasino ya stesheni, likingoja amri. Inspekta hakuitoa. Kuna kitu kilimkataza.

"Dada, nieleze tena hizo sheria," alisema. "Kichwa changu kigumu, usinionee haya."

Fundi alichukua chaki yake ya kuchorea nguo, akakunjua kipande cha kitambaa cheusi mezani.

"Pande ni mbili, Benki na Mchezaji. Unaweka chipu upande unaouamini. Karata zinajumlishwa. Kumi na zile za picha ni sifuri, na hesabu ikifika kumi unabakiza tarakimu ya mwisho. Aliye karibu na tisa ndiye mshindi. Kila upande unapata karata mbili, na pengine ya tatu."

"Hapo nimekuelewa. Na kamisheni?"

"Benki ina nafasi nzuri kidogo, kwa sababu inaamua mwisho, ikiwa imeshaona ya mwenzake. Kwa hiyo kasino nyingi, ukishinda na Benki wanakukata tano katika kila mia. Watu hawapendi kukatwa, afande. Tajiri wetu akatangaza kwamba kwake hakuna kamisheni. Lakini mwenye kasino hatoi bure hata maji ya bomba. Akatafuta mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata, wa kujirudishia." Akaandika kwa chaki. "Stesheni, Benki ikishinda kwa sita, nusu. Sokoni, nilikofanya kazi mimi, Benki ikishinda kwa saba ya karata tatu hulipwi kitu. Unarudishiwa chako, basi. Saba ya karata mbili unalipwa kamili."

"Na viwandani?"

"Saba yoyote ya Benki, iwe ya mbili au ya tatu, nusu. Mikono mingine yote, kote kote, ukishinda unalipwa sawasawa na ulichoweka."

"Kwa nini asiweke sheria moja?"

"Ili ukichoka kuliwa huku uhamie kule, ukidhani kuna nafuu."

Nati aliguna kama mtu aliyekumbushwa alikoliwa.

Inspekta aliinamia kioo. Katikati ya kitambaa cha kijani, pale ambapo meza hizo huandikwa sheria ya malipo, palikuwa pamebandikwa utepe mweusi. Wenyewe walijua kwamba maandishi yangewataja. Walichosahau ni kwamba meza inaendelea kulipa. Yeyote anayecheza hapo lazima alipwe kwa sheria fulani, na sheria hiyo ina nyumba yake. Kilichobaki ni kungoja mkono unaofaa, na karata haziharakishwi.

"Bwana Nati. Andika hapo. Kuanzia sasa unaweka Benki kila mara."

"Kwa hela yangu?"

"Ulitaka nitumie ya giaboksi?"

Nati aliandika kwenye kikundi, kwani wote walicheza hivyo, kwa mbali, kwa simu. Kwenye kioo ukaingia mkono wa mwanamume, wenye saa kubwa ya dhahabu, ukachukua chipu tatu nyekundu kutoka kisanduku cha Nati kilichochorwa pembeni mwa meza na kuzisukuma upande wa Benki. Nyekundu ndiyo chipu ndogo kuliko zote aliyoruhusiwa mtu kuchezea, na Nati alisema tatu zinamtosha, hakuzaliwa kuwatajirisha watu. Inspekta alikuja na simu tatu, moja ya Sajini, moja ya Mkuu; ya tatu aliisimamisha kwenye kikasha cha nyuzi, akaiacha inarekodi kioo.

Wakangoja. Benki ikashinda kwa nane, ikalipwa kamili. Ikashindwa. Ikashindwa tena. Zikaja sare. Fundi alikuwa anauma kucha ya dole gumba, na kila kidole kidogo kile kiliposimama alikuwa akivuta pumzi kwa sauti.

Mlango wa mbele ukagongwa. Wote watatu wakashtuka.

"Fundi! Sketi yangu!"

"Kesho, mama!" Fundi aliita.

"Kesho yako ya lini? Ulisema kesho tangu wiki iliyopita!"

"Kesho ya kweli!"

Mteja akaondoka akilalamika. Inspekta aligundua kwamba mkono wake ulikuwa umeshika bastola ndani ya mkoba, akauachia. Alipogeuka kwenye kioo, karata zilikuwa zimeshafunguliwa. Mchezaji ameishia na tano. Benki ina nne na mbili.

"Sita!" Nati alisimama. "Benki kwa sita. Haya, tazameni nusu yenu."

Mikono ya Kitinda ilichukua chipu nyekundu tatu kutoka trei, ikazipanga kando ya zile tatu za Nati. Tatu kwa tatu. Mkono wenye saa ukazivuta zile za malipo hadi kisanduku cha Nati.

"Amelipa kamili," alisema Inspekta.

"Amekosea! Sita ni nusu dunia nzima!"

"Dunia yako inaishia stesheni," Fundi alimjibu.

Inspekta alifuta mstari wa kwanza wa chaki kwa kiganja. Alifikiria kwamba asubuhi ile ile angeweza kuvunja mlango wa stesheni kwa ushahidi wa mtu ambaye hajawahi kuweka Benki. Akampigia Sajini. "Ondoka hapo. Kaa katikati ya mji, usielekee popote."

Hajakata, simu ya pili ikaita. Mkuu.

"Jengo gani?" Hakusalimu.

"Bado, Mkuu. Siyo stesheni. Yamebaki mawili."

"Sindano, muda unakwenda. Niambie mara tu utakapojua, nikusogezee msaada."

"Sawa, Mkuu."

Jua la mchana lilikuwa limehama kutoka kwenye mashine moja ya kushonea hadi nyingine. Nati aliendelea kuweka tatu tatu, akila hasara na kuugua kila mara kama aliyeng'olewa jino. Halafu ukaja mkono uliowasimamisha wote. Mchezaji akapata mbili, akavuta karata nyingine, akaishia nne. Benki ilikuwa na mfalme na tatu. Kitinda akavuta karata ya tatu ya Benki, akaigeuza. Nne.

"Saba," alinong'ona Fundi. "Saba ya karata tatu."

Na hapo hapo picha ikaganda. Kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka katikati ya kioo, polepole, kama kinawadhihaki. Nati aliipiga kompyuta kofi. Inspekta alimshika mkono. Picha iliporudi, Kitinda alikuwa tayari anakusanya karata, na chipu tatu nyekundu za Nati zilikaa upande wa Benki vilevile zilivyokuwa.

"Hakulipa!" Fundi aliruka. "Ameziacha! Zimerudishwa tu, afande, hivi hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Ni sokoni! Mdogo wangu yuko sokoni, pale pale nilipokaa mimi, Mungu wangu, labda kwenye meza yangu mwenyewe!"

Alikuwa anamvuta Inspekta kwa mkono wa shati. Simu ikaita tena, Mkuu tena, na katika kelele ile Inspekta alifanya kile ambacho kwa miaka mingi aliwakataza vijana wake kufanya. Aliamini jicho la mtu mwenye uchungu.

"Sokoni, Mkuu," alisema. Akamwambia na Sajini: "Sokoni. Nenda."

Fundi alikaa chini akafunika uso. Nati alitangaza kwamba hata yeye alikuwa anahisi ni sokoni. Kwenye kioo mchezo uliendelea kwa raha zake, mkono wenye saa ukisogeza chipu bila haraka. Inspekta alijaribu kufurahi, akashindwa. Alijiuliza nani hasa aliona chipu zikiachwa. Hakuna. Walichoona ni chipu zilizokaa, baada ya picha kuganda. Nati alitazama meza akaona stesheni. Fundi alitazama meza ileile akaona sokoni. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Akaichukua simu yake kutoka kwenye kikasha cha nyuzi, akarudisha nyuma alichokirekodi. Kabla ya kuganda, kisanduku cha Nati pembeni mwa meza kilikuwa na rundo fupi la nyekundu. Akasogeza mbele. Baada ya kuganda, rundo lilikuwa limepanda kwa moja. Na juu ya hiyo moja, imefichwa nusu na kivuli cha mkono wenye saa, kulikuwa na kitu cha njano.

"Bwana Nati, hii ya njano ni nini?"

Nati alikaza macho. "Chenji. Nusu ya nyekundu."

"Uliwahi kuweka njano?"

"Hairuhusiwi, ndogo mno. Huanzia nyekundu."

"Basi umeipata wapi?"

Inspekta akamgeukia Fundi, na safari hii aliuliza pole pole, kwa sababu jibu alishaliogopa.

"Dada. Kule sokoni, kwenye trei yako, ulikuwa na chipu za njano?"

Fundi aliondoa mikono usoni. "Hapana. Za nini? Sisi ni kulipa yote au kutolipa. Nusu hatukuwa nayo."

Alisikia maneno yake mwenyewe, akakitazama kitambaa chenye chaki.

"Nusu ya tatu ni moja na nusu," Inspekta alisema. "Nyekundu moja na njano moja. Alilipa wakati picha imeganda, jamaa akazivuta kisandukuni. Saba ya karata tatu, imelipwa nusu. Ni viwandani."

Alishaanza kupiga simu kabla hajamaliza. Sajini alipokea kwa mnong'ono. "Afande, tumefika. Naliona geti. Mlinzi anatuangalia."

"Usishuke! Usimsogelee! Muulize kama kuna mashuka ya kufua, muulize njia, muulize chochote, kisha geuza. Viwandani!"

"Viwandani ni upande wa pili wa mji, afande."

"Najua iliko!"

Alisikia Sajini akimuuliza mtu habari ya hoteli fulani kwa sauti ya uchangamfu, kisha injini. Fundi alikuwa amesimama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Nimekaribia kumuua," alisema. "Mimi mwenyewe, dada yake." Inspekta hakuwa na nafasi ya kumbembeleza. Alimshika bega, akampa simu ya Mkuu iliyokuwa ikiita aikate, kisha akabadili mawazo, akaipokea. Mkuu alistahili kujua.

"Tumekosea, Mkuu. Siyo sokoni. Viwandani. Sajini yuko njiani."

"Una uhakika?"

"Ninao."

Mkuu alikata simu.

Muda haukupita mrefu, mkono wenye saa ukatoka kwenye picha. Kitinda alibaki ameshika karata hewani, hajui agawe au asigawe. Mkono uliporudi ulikuwa umeshika simu. Kikundi kikalia mlio wa ujumbe, na Nati akausoma kwa sauti: "Meza inafungwa sasa hivi. Asanteni kwa kucheza."

"Lakini walisema jioni!" Fundi alilia.

Sajini alikuwa hajavuka hata katikati ya mji. Inspekta aliona waziwazi jinsi itakavyokuwa: gari la dobi linafika, mnyororo uko chini, jenereta limezimwa, kiti kina joto. Maji yalikuwa yamefika shingoni. Alimgeukia Nati.

"Wazuie."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kwa tamaa yao. Unawajua."

Nati alitazama simu kama anatazama nyoka. Halafu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakubisha. Vidole vyake vinene viliandika haraka, na Inspekta alisoma begani kwake: "Mmenila mchana kutwa, sasa mnanifungia mlango usoni? Naweka zote zilizobaki, na ninatuma nyingine." Akatuma kweli. Inspekta aliona kiasi, akaelewa kwamba giaboksi zilikuwa biashara nzuri.

Mkono wenye saa ulisita juu ya trei. Jibu likaja: "Mzee wa vipuri, leo umehamia Benki. Kulikoni?"

Nati alimtazama Inspekta kwa hofu, kisha akaandika mwenyewe: "Mke wangu. Ananiambia nichague kinyume cha akili yangu."

Zikaja sura za kucheka. Kisha: "Haya mzee. Mmoja wa mwisho."

Chipu nyekundu zikasukumwa upande wa Benki, na nyingine zikaongezwa juu. Fundi alizihesabu kwa midomo, akasema ni kumi na moja. Kitinda akagawa. Aligawa taratibu kupita kawaida. Dada yake alisema kwamba hajawahi kumwona akigawa hivyo, kwamba anavuta muda, kwamba bila shaka anajua kinachofuata meza ikifungwa. Mchezaji, mfalme na sita. Benki, tatu. Kidole kidogo kikasimama. Nne.

"Saba," alisema Inspekta. "Ya karata mbili."

Sokoni mkono huo ungelipwa kamili. Mikono ya Kitinda ilihesabu nyekundu tano kutoka trei, ikaziweka kando ya zile kumi na moja. Kisha ikachukua njano moja, ikaiweka juu ya zile tano.

Nati alipiga kelele ya furaha akasahau kwamba hiyo ilikuwa hela asiyoweza kuipata. Inspekta alijua sasa kwamba hakukosea, na kujua huko hakukumsaidia kitu, kwa sababu mkono wenye saa ulikuwa tayari unamwaga chipu ndani ya mfuko. Kitinda alirudi nyuma kidogo. Akapiga makofi mara moja, makofi madogo yasiyo na sauti, akaelekeza viganja vyake juu kwenye kamera, akavipindua.

"Anafanya nini?" Inspekta aliuliza.

"Anaaga meza." Fundi alisogea karibu na kioo. "Mgawaji akimaliza zamu huonyesha mikono mitupu, ili kamera ione haondoki na kitu. Amemaliza, afande. Wanamwondoa."

Kioo kikawa cheusi.

Inspekta alipiga simu ya Sajini, haikupokelewa. Akapiga tena. Fundi alikuwa ameshika kile kitambaa cheusi chenye chaki, anakikunja na kukikunjua. Nati alikuwa anasali, au anahesabu hasara, midomo ikicheza. Katika maisha yake ya kazi Inspekta alishawahi kungoja vitu vingi, majibu ya maabara, hukumu, watu waliojificha darini, lakini hakuna kungoja kulikokuwa kurefu kama huku.

Simu ikaita.

"Tumempata, afande!" Sajini alikuwa anahema. "Walikuwa wanampakia mlango wa nyuma. Wote tumewalaza chini, simu zao tumezichukua, hakuna aliyewahi kupiga. Mzima. Amekonda lakini mzima."

Fundi alikuwa amesikia. Aliteremka sakafuni taratibu, akakaa katikati ya vipande vya vitambaa.

"Mlete," Inspekta alisema.

"Hataki, afande. Ameshika nguzo ya geti, hatuwezi kumbandua bila kumuumiza. Anasema hapandi gari la askari. Anasema askari ndio waliompeleka pale."

Inspekta akachuchumaa, akamwekea Fundi simu sikioni.

"We Kitinda," alisema Fundi, na sauti yake ikatoka kali, sauti ya dada mkubwa anayemwita mtoto ndani giza likiingia. "Achia nguzo za watu. Hao vijana ni wa kwangu, nimewatuma mimi. Panda gari uje nyumbani. Hujala, najua hujala." Alisikiliza. Kisha ukali wote ukamwisha, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Ndiyo. Nilikuwa naangalia. Mchana kutwa, mdogo wangu, nilikuwa naangalia."

Inspekta alisimama, akaenda dirishani. Askari ndio waliompeleka. Aliwaza kama alivyowaza juu ya chipu, nini kilikuwapo kabla, nini kilikuwapo baada. Alipomwambia Mkuu sokoni, mchezo uliendelea kwa raha zake. Alipomwambia viwandani, meza ilifungwa papo hapo. Akazirudia hizo mbili mara kadhaa akitafuta maelezo mengine, kwa sababu huyu ni mtu aliyemkabidhi cheo chake cha kwanza. Hakuyapata.

Simu ya pili ikaita mkononi mwake. Aliitazama hadi ikakaribia kukata, kisha akaipokea, akawapa Fundi na Nati ishara ya kunyamaza.

"Vipi?" aliuliza Mkuu.

"Tumechelewa, Mkuu," alisema. "Tumekuta chumba kitupu."

Upande wa pili akamsikia Mkuu akishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Pole sana, Sindano. Umejitahidi. Nenda kapumzike."

Hakuuliza wameelekea wapi.